Jinsi Mwendo wa Risasi Ulivyopimwa

Bunduki ilikwisha kukaa mikononi mwa watu kwa muda wa karne kadhaa kabla hajatokea mtu wa kuweza kusema, kwa hesabu na si kwa kubahatisha, kwamba risasi yake hutoka mtutuni kwa kasi kadha wa kadha. Jambo hili lashangaza kidogo, maana wapiga mizinga wa zamani hawakuwa wajinga: walijua kupima uzito wa baruti, walijua kuinua mzinga kwa daraja waliyoitaka, na mzoefu miongoni mwao aliweza kukuonesha kwa kidole mahali litakapoangukia kombora. Walichokikosa ni chombo. Kitu kiendacho mita mia tano kwa sekunde moja hakionekani kwa jicho, wala hapakuwa na saa katika zama zile ya kuweza kuugawa muda wake; na kwa kuwa mwendo wenyewe haushikiki, kila aliyetaka kuupima alilazimika kutafuta kitu kingine kinachoonekana, kama vile mbembeo wa gogo, mwanguko wa fimbo au tundu katika karatasi, na kukifanya kuwa shahidi wake. Habari hii ni ya mashahidi hao, na ya jinsi kila mmoja wao, baada ya kuaminiwa miaka mingi, alivyogunduliwa kuwa na kasoro iliyomleta shahidi mwingine.

Zama za kukisia, 1537 hadi 1742

Mwaka 1537 Niccolò Tartaglia alichapisha mjini Venice kitabu chake cha kwanza juu ya ilimu ya mizinga, na baada ya karne moja, mwaka 1638, Galileo akathibitisha kwa hesabu kwamba kitu kilichorushwa, lau pasingekuwa na hewa, kingekwenda kwa mviringo mmoja maalumu, nusu ya kwanza ya kupanda ikiwa sawa na nusu ya pili ya kushuka. Galileo mwenyewe alikuwa mwangalifu, akatahadharisha kwamba vitu vitokavyo katika silaha za moto vina nguvu iliyopita kiasi na kwamba hewa huenda ikaupotosha mviringo huo. Waliomfuata waliipokea hesabu wakaliacha onyo. Ikawa ni itikadi ya maofisa wengi wa Ulaya kwamba hewa, iliyo nyepesi hata hatuihisi tukiwa tumesimama, haiwezi kulizuia kombora la chuma. Na hapakuwa na wa kuwapinga, kwa sababu kuwapinga kulihitaji kuujua mwendo wa kombora, nao hakuna aliyeujua.

Robins na gogo lake, 1742

Aliyelifungua fundo hili ni Benjamin Robins, Mwingereza aliyezaliwa mjini Bath mwaka 1707 katika jamaa ya Waquaker, yaani watu ambao dini yao yakataza vita. Naona hapo pana kichekesho ambacho historia haikukikusudia. Alikuwa mwanahisabati mwenye ulimi mkali, mwenye kupenda mabishano, naye akawaza hivi: ikiwa risasi ni nyepesi na ya kasi mno kutazamwa, basi na iwekwe mbele yake kitu kizito kitakachoupokea msukumo wake wote na kusogea polepole, hata mtu aweze kukitazama kwa utulivu.

Akasimamisha kiunzi cha miguu mitatu, akatundika juu yake pendulamu ya chuma iliyokazwa kipande kinene cha ubao usoni, na chini ya pendulamu akafunga utepe mwembamba uliopita katikati ya kingo mbili za chuma zilizoubana kidogo tu. Risasi ilipopiga ubao ikazama ndani, pendulamu ilirudi nyuma na kuuvuta utepe. Na ilipokwisha kubembea, utepe uliobaki umevutwa ulionesha umbali kamili wa mbembeo. Katika jaribio moja ambalo vitabu vya ilimu hii havijaacha kulitaja, pendulamu ilikuwa na uzito wa ratili 56 na wakia 3, risasi ilikuwa sehemu moja katika kumi na mbili ya ratili, utepe ukavutwa inchi 17 na robo, na kwa hesabu Robins akapata futi 1,641 kwa sekunde, ambazo ni mita 500 hivi. Bunduki yenyewe ilikuwa ya risasi ya mviringo na mtutu usio na mifuo, jamii moja na gobori ambalo wazee wetu walilijua vizuri.

Tazama ujanja ulivyo. Pendulamu haikupima wakati hata kidogo. Ilipima msukumo: mwendo wa risasi uligawanywa katika uzito mkubwa, ukapungua mara mia kadhaa, hata ukaonekana, kisha kwa kuujua uzito wa kila kimoja, na mahali risasi ilipopigia, mtu aliurudisha kwa kalamu mwendo wa kwanza.

Alipokwisha kupata chombo, Robins akakisogeza mbali na mtutu, akapiga tena na tena, na kwa kulinganisha kasi ya karibu na ile ya mbali akajua hewa inavyozuia. Matokeo yaliwatia watu bumbuwazi. Risasi ya bunduki ikienda kwa kasi ile ilipata kizuizi cha hewa kilichozidi uzito wake mara 120. Kombora la ratili 24, ambalo kwa hesabu ya mviringo wa Galileo lingepaswa kuruka maili 16, kwa kweli halikufika hata maili 3. Akaona pia kwamba kasi ikikaribia ile ya sauti, kizuizi huongezeka ghafla, jambo ambalo halikupata kueleweka sawasawa mpaka miaka zaidi ya mia moja ilipopita. Yote haya aliyatoa katika kitabu chake cha mwaka 1742, na mwaka 1745 Leonhard Euler akakitafsiri kwa Kijerumani na kukitia sherehe iliyokuwa ndefu kuliko kitabu chenyewe. Shirika la ilimu la London, Royal Society, lilimpa Robins nishani ya Copley. Kisha Kampuni ya Uingereza ya Uhindi ikamwajiri ajenge ngome zake, naye akafa huko Fort St. David mwaka 1751, kwa homa.

Pendulamu yanenepa, 1775 hadi miaka ya 1840

Baada yake chombo kilipita mikononi mwa Charles Hutton, mtoto wa mchimba makaa wa Newcastle aliyepanda kwa akili yake hata akawa mwalimu wa hesabu katika chuo cha kijeshi cha Woolwich. Robins alikuwa amepima risasi za bunduki. Hutton, tangu mwaka 1775, alipima makombora ya mizinga, na mwaka 1778 naye akapata nishani ileile. Lakini hapo ndipo udhaifu wa shahidi wa kwanza ulipodhihiri. Kila mzinga ulipokua, pendulamu nayo ilibidi ikue. Kila kombora lililozama katika gogo liliuongeza uzito wake, hata hesabu ya pigo la pili haikuwa sawa na ya pigo la kwanza. Na ubao uliopigwa mara kadhaa ulipasuka, ukatakiwa mwingine. Wafaransa huko Metz, na Alfred Mordecai huko Washington katika miaka ya 1840, walijenga pendulamu kubwa za kutisha, zenye kuhitaji nyumba zao wenyewe. Na baada ya taabu hiyo yote zilitoa kasi ya mahali pamoja tu, pale zilipotundikwa, maana kombora lililokwisha kuzama katika gogo haliendi tena.

Palikuwapo na njia nyingine iliyojaribiwa mapema. Mwaka 1804 Kanali Grobert wa Ufaransa alitia sahani mbili za karatasi nzito katika mhimili mmoja, akazizungusha kwa kasi na kupiga risasi kupitia zote mbili. Na kwa kuwa sahani ya pili ilikuwa imekwisha kugeuka kidogo risasi ilipoifikia, tofauti ya matundu mawili ilionesha muda wa safari. Fikira ilikuwa njema, ila ilimtaka mtu auzungushe mhimili kwa mwendo usiobadilika, jambo ambalo kwa mashine za wakati ule lilikuwa gumu.

Umeme waingia, 1840 hadi 1864

Mambo mawili yaligongana katikati ya karne ya 19 na kuibadili kazi hii. La kwanza lilikuwa simu ya waya, yaani telegrafu, iliyowafundisha watu kwamba umeme waweza kupeleka habari mara moja kutoka mahali hadi mahali, na kwamba sumaku ya umeme hushika chuma maadamu mkondo unapita na kukiachia mara unapokatika. La pili lilikuwa mifuo ndani ya mitutu: mizinga mipya ilirusha makombora marefu yenye ncha, na kila serikali ya Ulaya ikataka majedwali ya kupigia, na majedwali hayaandikwi bila ya kujua kasi.

Charles Wheatstone wa Uingereza alidai kwamba alikwisha kutengeneza chombo cha umeme mwaka 1840. Konstantinov, ofisa wa Kirusi, akisaidiwa na fundi Breguet wa Paris, alitengeneza chake miaka michache baadaye. Na ugomvi wa nani alitangulia uliwashughulisha wataalamu kuliko vyombo vyenyewe. Ushindi ulikwenda kwa Wabelgiji. Navez, kapteni wa mizinga, alitoa pendulamu yake ya umeme mwaka 1848, na katika miaka ya 1860 mwenzake Paul-Émile Le Boulengé akatoa kronografu ambayo, kwa usahili wake na uimara wake, ilitumika katika viwanja vya majaribio vya mataifa mengi kwa muda wa miaka zaidi ya themanini. Hiki ni chombo kinachostahili kutazamwa kwa karibu.

Katika kibanda kilicho mbali kidogo na mzinga pamesimama nguzo yenye sumaku mbili za umeme. Ya kwanza imeshika fimbo ndefu iliyovikwa ala ya zinki laini. Ya pili imeshika fimbo fupi. Mbele ya mzinga pametandazwa kiwambo cha waya mwembamba wa shaba uliopitishwa huku na huko, na mita hamsini mbele yake kiwambo cha pili. Kombora likikata waya wa kwanza, fimbo ndefu huanza kuanguka. Likikata wa pili, fimbo fupi huanguka, nayo hugonga kikwamio kilichoshikilia kisu, kisu huruka na kuitia alama ala ya zinki ya fimbo ndefu inayopita mbele yake. Mpimaji huiokota fimbo, huweka rula juu yake na kusoma alama iko wapi. Hapana gurudumu wala saa yenye spiringi. Mwenye kuhesabu wakati ni mvuto wa ardhi, ambao hauhitaji kujazwa ufunguo.

Lakini fimbo fupi nayo hutumia muda kidogo kuanguka, na sumaku haziachii papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kupiga, mpimaji hukata nyaya zote mbili kwa mpigo mmoja kwa kifaa maalumu, na kuona alama imekaa wapi wakati muda baina ya viwambo ni sifuri. Desturi ilikuwa kurekebisha chombo hadi alama hiyo iangukie mahali pa sekunde 0.15, yaani sentimita 11 na kitu tangu mwanzo wa fimbo. Sasa kombora la mita 500 kwa sekunde huzipita mita hamsini kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Zikijumlishwa hupatikana sekunde 0.25, na alama hukaa kwenye sentimita 30 na zaidi ya nusu. Kucheleweshwa huko kulikuwa na faida, kwa kuwa fimbo iliyokwisha kushika mwendo hutandaza wakati juu ya zinki: hapo sehemu moja katika elfu ya sekunde huchukua takriban milimita mbili na nusu, ambazo jicho lenye rula nzuri laweza kuzigawa vipande vipande.

Na bado shahidi huyu alikuwa na kasoro. Waya wa kiwambo ulinyooka kidogo kabla ya kukatika, na haukunyooka sawa kila mara. Betri ikidhoofika sumaku iliachia upesi zaidi. Ofisa aliyesahau kujaribu alama ya sifuri kabla ya kila pigo alirudi nyumbani na namba safi zisizo na kweli ndani yake.

Kasisi na viwambo kumi, 1864 hadi 1886

Francis Bashforth alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiingereza aliyewekwa mwaka 1864 kuwafundisha hesabu maofisa wa mizinga huko Woolwich, na akagundua upesi kwamba swali la kasi mdomoni mwa mtutu lilikuwa nusu ya swali tu. Kilichotakiwa kujulikana ni jinsi kasi hiyo inavyokwisha njiani. Akasimamisha viwambo kumi, kimoja baada ya kingine kwa umbali wa futi 150, na akaviunganisha na chombo chake mwenyewe ambacho kalamu ziliandika juu ya ngoma inayozunguka, moja ikitia alama za saa na nyingine za viwambo. Kombora moja likawa linatoa muda wa safari katika vituo kumi. Kutokana na majaribio hayo, aliyoyatolea kitabu mwaka 1873, alitengeneza majedwali ya kizuizi cha hewa yaliyokuwa bora kuliko yote yaliyotangulia. Na katika kazi nyingine, ya kuchunguza umbo la matone ya majimaji, alishirikiana na John Couch Adams, mwanafalaki wa Cambridge, aliyebuni njia ya kuhesabu hatua kwa hatua ambayo wanafunzi wa hisabati hufundishwa mpaka leo kwa majina yao wote wawili.

Wakati huohuo Andrew Noble, katika kiwanda cha Armstrong huko Elswick, alipima mwendo wa kombora likiwa bado ndani ya mzinga, kwa cheche za umeme zilizotia alama katika karatasi ya masizi. Mwaka 1886 Peter Salcher, akiufuata mpango wa Ernst Mach, alipiga picha huko Fiume za risasi iliyo mbio kuliko sauti, na mawimbi ya hewa yaliyoikumba yakaonekana waziwazi. Kile ambacho Robins alikiona kwa utepe kikawa sasa katika kioo cha picha.

Baruti isiyo moshi na ngoma ya Aberdeen, 1884 hadi 1946

Mwaka 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alitengeneza baruti isiyo moshi, na bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ikarusha risasi kwa zaidi ya mita 600 kwa sekunde; Wajerumani, mwaka 1905, kwa risasi nyepesi yenye ncha kali, wakapita mita 850. Tofauti hii haikuwa ya vitabuni tu. Vita vilipoanza Afrika ya Mashariki mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za baruti ya moshi, ambazo risasi zake zilikwenda karibu nusu ya kasi hiyo na kumfichua mpigaji kwa wingu jeupe, na ndiyo maana bunduki za Kiingereza walizoziteka Tanga mwezi wa Novemba zilikuwa ngawira ya thamani.

Vita hivyo vilileta silaha nyingi mno kupimwa kwa fimbo ya Le Boulengé. Marekani ilifungua uwanja wa majaribio wa Aberdeen, Maryland, mwaka 1917, na hapo Alfred Loomis, mwanasheria tajiri wa New York aliyependa mashine kuliko sheria, akabuni pamoja na Paul Klopsteg kronografu ya Aberdeen: ngoma iliyozungushwa na mota ya umeme, yenye karatasi ndani yake, na kila kombora lilipopita kiwambo cheche ilitoboa karatasi hiyo. Ni sahani za Grobert zilizorudi, safari hii zikiwa na mota ya kuzizungusha.

Katika Vita Vikuu vya Pili ngoma nayo ilistaafishwa. Vali za elektroni zilianza kuhesabu mapigo ya umeme yapatayo laki na zaidi kwa sekunde, kiwambo cha kwanza kikifungua hesabu na cha pili kikiifunga. Na wingi wa hesabu za majedwali ndio uliolifanya jeshi la Marekani kulipia mashine iliyojengwa Philadelphia, ENIAC, yenye vali kiasi cha 18,000, iliyooneshwa kwa watu mwezi wa Februari 1946: njia ya kombora iliyomchukua mtu saa ishirini kuihesabu, mashine iliimaliza kwa nusu dakika. Wengi waisifuo kompyuta hawajui kwamba mmojawapo wa mama zake wakubwa alizaliwa kwa ajili ya mizinga.

Chombo chaingia mikononi mwa raia, tangu miaka ya 1960

Mpaka hapo kronografu ilikuwa mali ya serikali na viwanda. Transista ziliishusha bei, na katika miaka ya 1960 Ken Oehler wa Texas akaanza kuwauzia wawindaji na walenga shabaha wa kawaida vyombo vilivyotumia viwambo vya karatasi, vya kubadilishwa kila pigo. Kisha vikaja viwambo vya mwanga, ambavyo jicho la umeme hutazama juu angani na kuona kivuli cha risasi ipitayo. Mtu aliyejitengenezea risasi nyumbani aliweza kwa mara ya kwanza kujua kama maandishi ya kiwandani yalikuwa ya kweli, na aghalabu hayakuwa.

Urahisi huu ulileta udhaifu uleule katika vazi jipya. Vyombo vingi vya mwanga vina macho mawili yaliyotengana sentimita 61 tu. Risasi ya mita 800 hupita hapo kwa muda usiofika sehemu moja katika elfu ya sekunde, na saa ya ndani huupima bila taabu. Lakini jicho moja likikaa milimita tatu kando ya mahali pake, kosa ni nusu ya asilimia, yaani mita 4 kwa sekunde, na hakuna saa ya kulisahihisha. Jua likiwa kali upande mmoja, jicho huona kivuli mapema au huchelewa. Taa za umeme za ndani humetameta na kulidanganya. Na chombo kikiwekwa karibu mno na mtutu, mshindo na chembe za baruti huhesabiwa badala ya risasi, ndiyo sababu husogezwa mbele mita tatu hadi tano. Oehler mwenyewe alilijibu jambo hili kwa kuongeza jicho la tatu, ili chombo kitoe kasi mbili za risasi ileile na kumwambia mpimaji zinapohitilafiana.

Baadaye vikaja vyombo vya sumaku vinavyofungwa chini ya mtutu, visivyojali jua wala giza, ila hubadilisha kidogo mtikisiko wa mtutu na kuhamisha mahali risasi inapopiga. Hatimaye ikaja rada, inayotumia kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842: mawimbi yanayorudi kutoka kwa kitu kiendacho hubadilika kwa kadiri ya kasi yake. Ilianza kuwa chombo cha majeshi, ikawa kisanduku cha mezani, na mwaka 2023 kampuni ya Garmin ikaitia katika kisanduku cha kuingia mfukoni, kinachowekwa kando ya bunduki bila ya kitu chochote kusimamishwa mbele yake.

Kwa maoni yangu, mwenye kufanya kazi hii kwa bidii na mwenye uwezo wa fedha asitafute zaidi ya rada, kwa kuwa haigusi mtutu, haitegemei jua, wala haina umbali wa viwambo wa kukosewa. Mwenye fedha chache na uwanja wa wazi na anunue cha mwanga, apime mwenyewe kwa rula umbali wa macho yake, akitumie siku ya mawingu au chini ya vivuli vyake. Cha sumaku kinamfaa anayetaka kasi tu, asiyelenga shabaha siku hiyohiyo. Na yeyote atakayechagua chochote apige risasi kumi kabla ya kuandika wastani wake, si tatu, kisha aandike pamoja nao joto la siku ile, maana baruti ya asubuhi ya baridi haisukumi sawa na ya adhuhuri.